Gari Lililokuwa Likilala Upande

Gari lilikuwa limelala tena. Kona ya nyuma kushoto ilikuwa imezama mpaka bodi imemeza nusu ya tairi, na pua ya upande wa pili imenyanyuka, hata ukiliangalia kwa mbali ungedhani ni mtu mnene anayetafuta sarafu chini ya kochi. Daktari wa mifugo, mwenye dhamana ya gari hilo la serikali, alisimama kando na funguo mkononi. Alikuwa amelileta gereji jana yake jioni likiwa limesimama wima, akaliacha uani makusudi ili fundi ajionee mwenyewe asubuhi. Sasa fundi alikuwa anajionea.

Daktari hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha fundi. Mteja akifoka unaweza ukafoka naye kidogo, mkachoka wote, mkamalizana. Mteja aliyechoka tangu nyumbani kwake utamfanya nini?

"Ijumaa uliniambia ni mpira," daktari alisema. "Nikaleta mpira."

"Ulileta, daktari."

"Mpya."

"Mpya kabisa."

"Sasa na huo mpya umeshazeeka?"

Fundi alijikuna shingo. Nyuma yake mafundi wengine wanne wa uani walikuwa wameanza kuwa na shughuli nyingi sana za kimyakimya: mmoja alifuta spana iliyokuwa safi tangu wiki iliyopita, mwingine aliinama kwenye injini isiyo na kasoro yoyote. Masikio yote yalikuwa huku.

Magari mengi hukaa juu ya springi za chuma. Hili lilikaa juu ya pumzi. Lilikuwa na mipira minne ya hewa, mmoja kila gurudumu, na kompresa ndogo iliyoijaza kwa paipu nyembamba nyeusi zilizopita chini kwa chini kama waya za pasi. Dereva akibonyeza kitufe, gari linajiinua kuvuka mawe na makorongo. Raha tupu, mpaka siku hewa inapopata mahali pa kutorokea. Hapo gari linaloparamia milima linalala uani kama ng'ombe mwenye homa, na daktari wa ng'ombe hana sindano ya kulichoma.

Ijumaa fundi alikuwa ameliagua kwa namna iliyompatia jina. Walimwita Sikio. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akisikiliza magari: anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini anaubana sikioni, anafumba macho, kisha anatamka, "Beringi ya pili," na mkifungua mnaikuta beringi ya pili imekwisha. Watu walikuja kutoka mitaa ya mbali kumwona akifumba macho. Basi Ijumaa aliinama karibu na gurudumu la nyuma, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo cha kutosha heshima, akasimama na kusema, "Mpira."

Ukweli ni kwamba hakuwa amesikia kitu. Ndani ya sikio kulikuwa na ukimya mzito kama wa chumba kilichojaa magodoro. Mpira ulikuwa na mikunjo iliyokauka, ungeweza kuwa ndio. Alikisia.

Jamaa mmoja wa uani, waliyemwita Kompyuta kwa sababu ya kidude chake cha kuchomeka kwenye magari, alisogea bila kuitwa. Alikichomeka, akasubiri, akasoma kwa sauti kwamba kona ya nyuma kushoto iko chini. Mtu akasema hilo hata mbuzi angeliona bila kuchomekwa mahali. Wakacheka. Fundi naye akacheka, nusu sekunde baada yao, kwa kuwaangalia midomo.

Daktari hakucheka. Alieleza shida yake taratibu, huku akimtazama fundi usoni, na kwa bahati hiyo fundi aliyapata maneno yote. Alhamisi alfajiri alikuwa na safari ya kupanda kwa wafugaji wa juu, siku mbili za njia isiyo njia, na masanduku ya chanjo inayotakiwa kukaa baridi. Gari likilala kule, litalalia mawe, na chanjo itakuwa supu. Kwa hiyo kesho jioni ndiyo mwisho. Lisipopona, atalikokota mpaka karakana kubwa upande wa pili wa mji, ile yenye sakafu ya vigae.

"Na yale mawili mengine ya ofisi itabidi yahamie huko huko," aliongeza. "Ofisi haiwezi kuwa na gereji mbili. Nisikufiche."

Magari hayo matatu ndiyo yaliyoendesha nyumba ya fundi. Wateja wengine walikuwa wa kuja na kupita, wa taa moja na breki mbili. Alisema, "Sawa, daktari," akaokota bisibisi ndefu, akairudisha chini.

*

Nyumbani kwa fundi palikuwa na vyumba viwili na varanda. Varanda ilikuwa ya mkewe, fundi cherehani, na mashine yake ya kukanyaga kwa miguu. Chumba kimoja kilikuwa cha mama yake fundi, bibi aliyekwishapoteza usikivu kabla hajapoteza meno. Kwa ajili ya bibi nyumba nzima ilikuwa ikipiga kelele. Redio ilifunguliwa mpaka mwisho. Salamu zilitolewa kwa mtindo wa mnada. Chumvi iliombwa kwa sauti ambayo jirani wa tatu angeweza kuileta.

Sasa bibi alikuwa ameenda kumhudumia bintiye aliyejifungua, wiki ya pili hii, na nyumba ilikuwa imeshusha sauti. Mke wa fundi aliufurahia utulivu huo siku mbili. Ya tatu akagundua kwamba mumewe hamjibu. Anamsemesha akiwa jikoni, kimya. Anamuuliza kitu akiwa amempa mgongo, kimya. Akahesabu moyoni alichomkosea, hakukiona. Akahesabu alichokosewa yeye, orodha ikawa ndefu. Basi naye akanuna. Siku kumi walikuwa wamelala kitanda kimoja kama watu wawili wanaosubiri ofisi ifunguliwe.

Jumanne hiyo jioni fundi alirudi, akala bila kuangalia sahani, akakaa kwenye kigoda kufungua plagi ya pasi ya mkewe iliyokuwa ikicheza. Mwanga wa jioni ulikuwa bado unaingia mlangoni. Mkewe alisimama nyuma yake akikunja vitambaa.

"Kwani leo kuna nini huko gereji?" aliuliza.

Mume alilegeza skrubu.

Mke aliacha kukunja. Aliitazama ile shingo yenye masizi, na labda ni jinsi ilivyotulia, bila hata ule ukakamavu wa mtu anayejitia hamnazo, ndiyo iliyomfanya aseme neno lililofuata. Hakupandisha sauti.

"Baba watoto, nimepata mchumba."

Mume alipuliza vumbi kwenye plagi.

"Ana gari. La kwake halilali."

Skrubu ikaanguka, akaiokota, akaiangalia kwa jicho moja.

"Kesho tunaondoka. Nimeshafunga na mizigo."

Mume alirudisha skrubu mahali pake na kuanza kuikaza, akiuma ulimi pembeni ya mdomo kama afanyavyo siku zote akikaza kitu kidogo. Mkewe alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Maneno yalikuwa ya kuchekesha na hakukuwa na mtu wa kucheka naye. Akanyoosha mkono, akamgusa bega. Mume akaruka kama aliyeshikwa na mwizi.

Alimgeuza mpaka wakatazamana. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanyie hivyo."

Fundi aliiweka pasi chini polepole. Akasema sikio la kulia lilianza mwaka juzi, likawa linapiga filimbi yenyewe. La kushoto hakumbuki. Liliondoka kidogo kidogo, kama mpangaji anayehama usiku, leo kiti, kesho ndoo. Bibi alipokuwepo hakupata tabu. Watu walikuwa wanapiga kelele hata hivyo, na yeye alikuwa anapata sehemu yake.

"Na hizi wiki mbili," mke alisema, "ulijua nadhani umenuna?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nidhani?"

"Mume aliyenuna watu wanamvumilia," alisema. "Fundi asiyesikia..."

Hakumaliza. Mkewe alitamani kumrushia kitu, na kitu kilichokuwa karibu kilikuwa shati la mteja, kwa hiyo hakurusha. Alikuwa amemlilia mtu huyu siku nne nzima chooni, akidhani kuna mwanamke mwingine. Angalau mwanamke mwingine ungemjua kwa sura.

Ndipo fundi akamwambia yote: mpira, daktari, kesho jioni, magari matatu. Alisema kwa sauti kubwa mno kama wasemavyo wasioisikia sauti yao wenyewe, na mke akafunga mlango. Aliposikia kwamba tatizo ni hewa inayovuja mahali pasipojulikana, alishangaa. Mtungi wa gesi ukivuja si wanapaka povu la sabuni? Mapovu yakivimba, ndipo hapo. Hilo linahitaji sikio gani?

Fundi alitazama sakafu. Njia hiyo anaijua. Kila fundi anaijua. Lakini kwa miaka kumi na minane kila alipomwona mwenzake na ndoo ya sabuni alimuuliza, mbele ya wateja, "Unaogesha gari? Na nepi utambadilisha?" Hakuna fundi pale uani ambaye hakulipata neno hilo. Kompyuta alilipata mara tatu, moja mbele ya baba mkwe wake. Siku Sikio atakapoonekana ameshika ndoo, hawatahitaji kuelezwa.

"Kwa hiyo," mke alisema, akitamka kila neno kwa midomo, "magari matatu yaondoke, kwa sababu ya utani wako mwenyewe."

Fundi akasema si hivyo tu. Hata sabuni ina mipaka. Paipu ile inapita juu ya tangi la mafuta, mahali ambapo jicho halifiki. Ni sikio tu linaloweza kukuonyesha pa kuanzia.

Mkewe alimsogelea. Halafu akajishika sikio, akalivuta kidogo mbele yake, kama muuzaji anayeonyesha bidhaa.

*

Jumatano asubuhi fundi alifanya kazi kwa macho, na macho yalikuwa mazima. Aliwasha gari, akalipandisha mpaka juu kabisa, akazima. Alipima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kona zote nne, akaandika kwa chaki kwenye matairi. Kila nusu saa alirudia. Kona tatu hazikutikisika. Ile ya nyuma kushoto ilishuka upana wa kidole kimoja, tena kimoja, bila haraka.

Alipolinganisha na alichoandika Ijumaa, alizisoma namba mara mbili. Kona ilikuwa ikishuka kwa kasi ile ile ya kabla ya kubadilisha mpira, mchana kwa mchana, kidole kwa kidole. Kwa hiyo mpira wa zamani haukuwahi kuvuja. Ulikuwa pale pembeni, juu ya matairi chakavu, mzima kabisa, umefukuzwa kazi bila kosa. Na vali, ile inayogawa hewa kwa mipira yote minne, alikwishaiondoa katika lawama kwa kubadilisha nafasi za paipu mbili mlangoni mwake: ubovu haukuhama. Ilibaki paipu. Mita tatu na ushee za paipu, nusu yake imejificha.

Saa saba mafundi walitoka kwenda kula. Mkewe alifika dakika chache baadaye akiwa na chombo cha chakula, ili asiyekwenda kula asiulize. Hakuna aliyebaki. Fundi alikwisha kutega stendi nne za chuma chini ya fremu, maana gari la hewa halina adabu, linaweza kukulalia bila kukuaga. Akamtandikia mkewe kipande cha boksi. Mke aliliangalia boksi, akaliangalia gauni lake, akavuta pumzi na kuingia chini kwa mgongo.

Hakuwahi kuwa huko. Miaka yote aliyofua ovaroli hakujua uchafu ule unatoka wapi, sasa alikuwa anautazama kwa karibu na ukimdondokea kwenye kope. Fundi alimpa kipande cha bomba la plastiki, upande mmoja aubane sikioni. Upande wa pili aliushika yeye, akaanza kuupitisha kando ya paipu nyeusi, taratibu kama mtu anayelisha mgonjwa. Kusemeshana kusingesaidia, kwa hiyo walikubaliana: mkono wa mke ungekaa juu ya kifundo cha mkono wa mume, na akisikia kitu, aminye.

Walianzia kwenye mpira. Hakuminya. Kwenye kiungio, hakuminya. Walifuata fremu kwenda mbele, sentimita baada ya sentimita, na fundi alijikuta anautazama uso wa mkewe jinsi ambavyo hajautazama kwa miaka: paji limekunjamana, macho yamefumbwa. Alikuwa amefumba macho. Hakuna aliyemfundisha.

Kwenye ukingo wa tangi, vidole vilitaka kukaza, vikaacha. Fundi alipitiliza. Mke alitikisa kichwa, akamrudisha mkono nyuma mwenyewe, akausukuma juu ya bamba la chuma, ndani zaidi, mpaka kiwiko cha mume kikakwama. Akaminya. Akaminya hadi kucha zikaacha alama.

"Kama mtu anayenyonya chai ya moto," alisema, amemgeukia. "Pale pale."

Alichosikia fundi kilikuwa mkono wake tu.

Kisha akaona viatu. Jozi nne, zimejipanga kando ya gari. Wenzake walikuwa wamerudi mapema, na miguu miwili ya kike inayochomoza chini ya gari la serikali haikuwa kitu cha kupita bila kuuliza.

"Shemeji," sauti ya Kompyuta iliuliza kutoka juu, "umeajiriwa lini?"

Mke alijikokota nje, akasimama, akajipangusa. Alijibu kwamba hajaajiriwa, maana angeajiriwa angelipwa. Mmoja akacheka. Halafu wote wakamgeukia Sikio, aliyekuwa anatoka chini na bomba mkononi, na kicheko kikapungua kama taa ya gari lenye betri mbovu.

Angeweza kusema lolote. Kwamba mkewe ameleta chakula na kitu kikamdondoka. Uongo ulikuwepo, tena wa kutosha. Lakini paipu ilikuwa bado juu ya tangi, saa ilikuwa saa nane kasoro, na bila kuona mapovu kwa macho yake asingejua akate wapi. Alimtazama Kompyuta.

"Naomba ndoo yako ya sabuni."

"Ya nini?"

"Nataka kuogesha gari."

Fundi akaona ameyasema nusu tu, na nusu iliyobaki itamnyonga.

"Sisikii," alisema. "Siku nyingi sasa. Ijumaa sikusikia kitu, nilikisia. Huyu ndiye amesikia."

Kompyuta alitazama chini, akachora ardhi kwa ncha ya kiatu. "Tulijua, kaka," alisema. Alikumbuka kumwangalia usoni, akarudia. "Tulijua. Siku ile jeki ilipoteleza tukakupigia kelele wote, hukugeuka. Tangu siku hiyo tunakuja kukugusa bega. Hukuona?"

Fundi alikuwa ameona. Alidhani ni mapenzi.

Kumbe miezi yote hiyo walikuwa wakimwonea huruma, na huruma ya mafundi wenzako inachoma kuliko matusi yao. Alitamani wangemtukana. Alitamani hata Kompyuta amuulize kuhusu nepi. Lakini Kompyuta alikwisha kwenda kuleta ndoo, na aliporudi aliiweka tu chini, na brashi ndogo juu yake.

Walifungua bamba la kando ya tangi, boliti sita zenye kutu, na paipu ikashuka. Fundi alipaka povu. Alisubiri. Kwenye sehemu ambapo kishikio kilichopinda kwa kugongwa na jiwe kilikuwa kikiisugua, paipu ilikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Povu likavimba hapo, likapasuka, likavimba tena. Lilikuwa dogo. Mtu angeweza kulifunika kwa kucha ya kidole cha mwisho. Hilo ndilo lililokuwa limelaza tani mbili na nusu za chuma.

Alikata pande zote mbili za jeraha, moja kwa moja, kwa wembe mpya, maana ukikata mshazari hewa itapata mlango mwingine. Alitia kiungio cha shaba, akakaza, akaivika paipu kipande cha mpira mahali pa kusuguana, akakinyoosha kishikio. Akapaka povu tena. Lilikaa juu ya shaba limetulia, likakauka taratibu bila kusema neno.

Mkewe hakungoja kuona. Alikuwa na nguo za mteja wa saa kumi. Aliondoka na chombo cha chakula kikiwa bado kimejaa. Hakuna aliyekumbuka kula.

*

Alhamisi alfajiri, kabla jua halijashika mabati, daktari alikuta gari limesimama sawasawa. Fundi alimpimia mbele yake kona zote nne. Chaki ya jana jioni na futi ya asubuhi vilisema kitu kimoja. Daktari aliachia pumzi ndefu, akaanza kupakia masanduku yake, akasema asante, akasema anajua alikuwa mkali juzi, ingawa hakuwa.

Ingewezekana kuishia hapo. Mambo mengi mazuri huishia hapo. Fundi alibeba mpira wa zamani kutoka kwenye rundo la matairi, akaufuta, akauweka nyuma ya gari.

"Huu ni wa nini?" daktari aliuliza.

"Wa akiba. Mzima. Haukuwa umeharibika."

Daktari alifunga mlango wa nyuma, akaufungua tena, akautazama mpira. "Kwa hiyo Ijumaa ulikisia."

"Nilikisia. Tundu alilisikia mke wangu jana."

"Ofisi ilinunua mpira mpya kwa makisio."

"Ndiyo, daktari."

Daktari alikuwa mtu wa kupima maneno, amezoea wagonjwa wasiosema panapouma. Akasema hilo itabidi aliandike kwenye ripoti. Fundi akasema aandike. Daktari akauliza kwa nini anamwambia, wakati angeshaondoka zake bila kujua, na kila mtu angebaki na furaha yake.

Fundi alikuwa amelifikiria jibu tangu jana, na bado lilitoka vibaya, kwa sauti kubwa mno katika alfajiri ile.

"Kwa sababu ukiwa kule juu ukasikia mlio, utanipigia simu. Utanieleza. Na mimi nitasema ndiyo daktari, ndiyo daktari, na nitakuwa sijakusikia hata neno. Utafuata ndiyo yangu, utakwama." Aliigusa simu yake mfukoni. "Usinipigie. Niandikie."

Daktari alimtazama kwa namna ambayo pengine aliwatazama wanyama, bila huruma iliyozidi. Hakusema pole. Alitoa simu yake, akafuta kitu, akaandika kitu, akairudisha mfukoni. Kisha akapanda, akawasha, na gari likajiinua kwenye miguu yake minne na kutoka uani.

Siku zilizofuata fundi alifunga taa moja na breki mbili. Wenzake sasa walimsemesha wakiwa wamemkabili, wamepanua midomo kama waimbaji wa kwaya, na kila mara aliona aibu upya. Kompyuta alimletea betri isiyohitaji kusikilizwa na kumuuliza mawazo yake. Fundi aliyatoa. Hakufumba macho.

Jumapili alikuwa varandani, amekaa kwenye kigoda mkabala na cherehani ili amwone mkewe, simu ilipotetemeka mapajani. Daktari alikuwa ameandika: "Tumerudi. Gari halikulala. Ofisi imekata bei ya mpira kwenye malipo yako, sikuweza kuzuia. Mengine mawili nayaleta Jumanne, moja linashuka mbele. Mama watoto awepo."

Aliisoma mara mbili. Bei ya mpira ilikuwa chakula cha mwezi, na aliihisi ikipita kifuani kama kitu chenye pembe. Kisha akasoma tena mwisho. Alimnyooshea mkewe simu. Mke alisimamisha mguu, akasoma, akarudisha simu. Hakutabasamu. Alikuwa na pini sita midomoni, pindo la sketi vidoleni, rundo la sare za shule ambalo mteja alikuwa amelitaka tangu Jumatano, na mgongo ambao ulikuwa bado unauma tangu siku ya boksi.

"Una nafasi Jumanne?" fundi aliuliza.

Alisema kitu kupitia pini. Fundi hakuweza kuona midomo, na kwa mara ya kwanza hakusema ndiyo. Alitikisa kichwa kwamba hajapata, akangoja.

Mke alizitoa pini moja moja, akizichomeka kwenye mkono wa gauni lake, bila haraka. Akakigeuza kiti chake mpaka uso ukapata mwanga wa nje.

"Baada ya saa nane," alisema, taratibu, kwa sauti yake ya kawaida. "Asubuhi nina kazi zangu."